Kadi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu, alitujia kwa basi kutoka Bukoba na mfuko wa senene, utadhani Kampala hawajapata kuwaona. Siku ya tatu akatamka kwamba nyumba yetu imezidisha matoke, akapanda kigoda kushusha sufuria kubwa apike pilau. Kigoda kikateleza. Sufuria ikatangulia, Mama akafuata. Kifundo cha mkono kikavimba kama andazi.

Mke wangu akataja hospitali. Mama akafungua fundo la leso kwa mkono mzima, akatoa kadi ya NHIF, bima ya afya ya Tanzania. "Nilikatwa asilimia tatu ya mshahara mpaka nikastaafu," akasema. "Hapa sitoi hata senti. Nitafutieni wanaopokea kadi."

Tukaingia Kikuubo kutafuta kliniki. Anayekijua kichochoro hicho anajua kwamba mgonjwa na katoni ya sabuni vina haki sawa ya njia, yaani hakuna. Wachukuzi wanapita wameinama chini ya magunia, wenye maduka ya jumla wanaita wateja kwa Kiganda na Kiswahili cha kila namna. Mama mbele, mkono umefungwa khanga. Binti yake pembeni akimkinga. Mimi nyuma na mkoba, kwa heshima zote za mkwe.

Kliniki ya kwanza ilikuwa ghorofani.

"Bima ya kampuni gani, jjajja?"

"Si kampuni. Ni Serikali."

Binti wa mapokezi akaigeuza kadi. "Serikali gani?"

Mama alifundisha uraia miaka mingi, na swali hilo lilimuuma kuliko mkono. Lakini binti alikuwa na haki yake. Mjini hapa kadi ya bima kwa kawaida ni ya kampuni binafsi, mara nyingi imelipiwa na mwajiri, na kila kliniki ina orodha yake ya kampuni.

Kliniki ya pili, hivyo hivyo. Kwenye ngazi tukakutana na Mkenya mmoja muuza plastiki. Akaitazama kadi kwa huruma. "Mama, pole. NHIF ilikufa. Siku hizi ni SHA."

"Imekufa lini? Juzi nimechukulia dawa za presha Bukoba!"

Ikabidi niamue kesi pale pale ngazini. NHIF ya Kenya ndiyo iliyozikwa Oktoba 2024. Ya Tanzania, iliyoanza kazi 2001, iko hai, ila uhai wake unaishia mpakani Mutukula. Mama akataka basi aonyeshwe ya Uganda. Haipo. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, Rais hakuutia saini, Bunge hilo likamaliza muda wake.

Kilichopo ni matibabu ya bure. Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Tukaenda kimoja. Foleni ndefu, daktari mpole, senti hatukudaiwa. Kisha akaandika kwenye karatasi: picha ya mfupa na bandeji, mkanunue nje. Hapo Mama akasema neno ambalo sijasikia likisemwa vizuri zaidi bungeni: "Kwetu nililipa nikiwa mzima. Hapa mnangoja mtu aanguke ndipo mumdai."

Picha tulipiga kwenye kliniki ile ile ya ghorofani, kwa pesa taslimu kutoka mauzo yetu ya vitenge. Mfupa mzima, mshipa umeshtuka tu. Mama alidai risiti, eti ataipeleka ofisi ya Bima Bukoba wamrudishie. Sikubishana, mkwe habishi.

Nawe unayemleta mzazi Kampala, mkatie bima ya safari kabla hajavuka Mutukula, uhakikishe inataja Uganda kwa jina. Ukishindwa, tenga shilingi za picha na dawa. Na sufuria kubwa mshushie wewe.