Ng'ombe wa Macho

Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja, kazi ambayo zamani ilitaka chaki, subira na chai ya saa nne. Siku hizi inataka gundi na mkasi. Mratibu wetu karudi semina na habari kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza: kuna wa macho, wa masikio, wa kusoma na kuandika, na wa viungo. Wanajazishwa fomu kabla hawajajua hata kuitikia salamu, kisha mimi naletewa majibu kana kwamba ni vipimo vya maabara.

Basi somo moja la ngeli nalipika mara nne. KI-VI kadi za kijani, LI-YA za njano. Wa masikio nawaimbia "kiti changu, viti vyangu" mpaka muuza kahawa wa jirani akauliza kama nimeingia taarabu. Wa viungo ndio balaa. Mjerumani mmoja, mzee mstaafu, fomu imesema lazima ajifunze akitembea. Tukaizunguka meza, mti umeanguka, miti imeanguka, nusura na sisi tuanguke.

Lakini aliyenimaliza ni dada mmoja wa macho. Tumefika kwenye ng', namwambia sikiliza, ananionyesha fomu. Haya, nikamchorea ng'ombe, pembe, nundu na mkia. Akamtazama kwa mapenzi, akasema "ngombe", kwa ng ya ngoma. Sauti ya puani, jamani, unaichora kwa kalamu gani?

Nikamwendea mratibu na hoja zangu. Waingereza, Frank Coffield na wenzake, mwaka 2004 walihesabu nadharia 71 za mitindo hii. Sabini na moja! Gundi ya kisiwa kizima haitoshi. Na mwaka 2008 Wamarekani, Harold Pashler na wenzake, walipekua tafiti wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa mtindo wake anaelewa zaidi. Mratibu akasikiliza kwa adabu zote. "Mwalimu, hilo tutalijadili," akasema, akaagiza bunda jingine la kadi.

Jana yule mzee kaniomba kiti. Miguu inamuuma, anataka kukaa anakili ubaoni kama wenzake. Nimepeleka ombi ofisini. Nimejibiwa kwamba fomu haibadilishwi mpaka muhula ujao.