Jinsi ya Kutafuta Ugonjwa wa Gari Mpaka Usipatikane

Asubuhi unawasha IST yako pale Tabata, inanguruma kistaarabu, hata jirani hajui kama umeondoka. Ukifika Buguruni mshale wa joto umeshatulia mahali pake, foleni imeganda, gia iko D, mguu uko kwenye breki. Hapo ndipo usukani unapoanza kukutekenya viganja. Kioo cha ndani kinakuonyesha bodaboda mbili ilipo moja, na abiria wa mbele anauliza kwa adabu, "Kaka, gari liko sawa?" Ukikanyaga mafuta, shwari. Ukisimama, linarudia. Mafundi wanasema gari linatetemeka likiwa sailensa. Mwongozo huu utakusaidia kuutafuta ugonjwa huo kwa muda mrefu, kwa gharama kubwa, na bila hatari yoyote ya kuupata.

La msingi kuliko yote: fundi asilione gari likiwa la moto. Injini ikiwa baridi, kompyuta yake huongeza petroli na kupandisha mzunguko, mara nyingi ukapita 1,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo makosa mengi hufunikwa. Maji yakishafika nyuzi 80 na kitu, kompyuta hubana petroli, huifuata sensa ya oksijeni, na hushusha mzunguko hadi kwenye 700 hivi. Sasa injini haina pa kujificha. Koili yenye ufa ndani huanza kukata moto wa plagi ikishapata joto. Mpira wa vakyumu uliochanika huingiza hewa ambayo haikuhesabiwa, na kwa kuwa kwenye sailensa injini huvuta hewa kidogo tu, hiyo ya wizi inakuwa fungu kubwa la kile kinachoingia.

Kwa hiyo ukifika gereji, zima. Fungua boneti, upepo uingie. Nenda kwa mama lishe, agiza chapati na maharage, jadili Simba na Yanga mpaka mwamuzi apatikane na hatia. Baada ya saa mbili fundi atawasha, atasikiliza, atakutazama. "Bosi, mbona limetulia?" Jibu kwa unyonge kwamba lilikuwa linatetemeka njiani. Atabadilisha plagi.

Ukiwa unasubiri, kusanya maoni. Kwenye gereji yoyote ya chini ya mwarobaini hakuna mtu asiye na utaalamu, kuanzia kijana wa kuosha magari hadi mteja mwenzako aliyeleta pancha. Mmoja atasema ni petroli yenye maji. Mwingine atasema gia boksi, kwa uhakika wa mtu ambaye hatalipa. Mjomba wako, aliyeendesha Peugeot 504 enzi hizo, atapiga simu kukuelekeza skrubu ya kukaza kwenye kabureta. IST haina kabureta. Usimwambie, ni mkubwa kwako. Sema, "Nimekuelewa, mjomba, tutaikaza."

Maoni yakishatosha, nunua spea kwa kufuata sauti iliyokuwa kubwa zaidi. Hapa kuna mchezo mmoja wa hatari ambao lazima ujihadhari nao. Kwenye injini ya 1NZ, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye IST nyingi, kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Mtu asiye na haraka ya kutumia hela huichukua koili ya silinda ya kwanza akaibadilishana na ya silinda ya tatu, akalizungusha gari mpaka lipate moto, kisha akaangalia kosa limehamia wapi. Mashine ya kupimia ikiwa ilisema P0301 na sasa inasema P0303, koili imejitaja yenyewe. Kosa likibaki palepale, koili haina hatia, na macho yanageukia plagi ya silinda hiyo, nozeli yake, na mwisho kabisa kompresheni. Zoezi zima linataka spana namba 10 na subira. Kwa kuwa ni la bure, huwezi kuliamini. Nenda Kariakoo ukanunue koili zote nne.

Usihesabu mapigo pia. Kwa mzunguko wa 700, kila silinda huwaka mara 350 kwa dakika. Silinda moja ikilala, injini hujikwaa karibu mara sita kwa sekunde, kwa mpangilio ule ule, na ukiweka kiganja nyuma ya bomba la moshi utausikia moshi ukiruka pigo. Tetemeko lisilo na mpangilio, mshale wa mzunguko ukipanda na kushuka kama mtu anayetafuta usingizi, hueleza habari nyingine: hewa ya wizi, au throto iliyojaa masizi. Hayo mtu anaweza kuyajua kwa dakika tano akiwa amesimama tu. Gereji ingeishi vipi?

Halafu kuna mashine ya kupimia, ile inayochomekwa chini ya usukani. Siku hizi hata kijana wa mtaani ana ya kuunganisha na simu. Kanuni ni kufuta kabla ya kusoma. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, chomoa waya wa betri, kunywa soda, rudisha waya. Taa imezimika, na pamoja nayo namba ya kosa na kumbukumbu za hali ya injini kosa lilipotokea. Mashine ikija itakuta kompyuta safi isiyokumbuka lolote, na fundi atatangaza kwamba gari halina tatizo la umeme. Asiyejua kanuni hii angesoma kwanza. Angekuta labda P0171, yaani mchanganyiko umezidi hewa, akaangalia kompyuta inaongeza petroli kiasi gani gari likiwa sailensa, kisha akapiga resi mpaka 2,500 na kuangalia tena. Nyongeza ikiwa kubwa kwenye sailensa na kushuka kwenye resi, kuna mahali hewa inaingia, na kilichobaki ni kukagua mipira kwa macho na sikio: ule wa busta ya breki, ule wa kupumulia oili, na gasketi ya manifoldi. Mpira wenyewe unaweza kuwa wa bei ya chipsi mayai. Utajisikiaje, baada ya koili nne?

Maunti za injini zinastahili heshima yake, kwa sababu mara nyingine kweli ni zenyewe. Ukiwa D gari linatetemeka, ukiweka N linatulia: wengi huishia hapo na kufungua pochi. Lakini D huielemea injini, na injini dhaifu pia hulalamika zaidi ikielemewa. Tofauti iko chini ya boneti. Injini ikiwa inaunguruma sawasawa huku bodi ndiyo inayotetemeka, mshuku mpira wa maunti. Injini yenyewe ikiwa inarukaruka, maunti mpya itaficha kidogo tu. Ukishaamua kununua bila kuangalia, basi nunua ile ya bandia yenye mpira mgumu, inayofikisha kila mtikisiko kwenye kiti cha dereva bila kupunguza hata mmoja.

Throto isafishwe, hilo halina ubishi. Kwenye zile zinazoendeshwa kwa umeme, fundi atakisukuma kile kisahani kwa kidole ingawa hakitakiwi kulazimishwa, na sailensa itapanda hadi kompyuta ijifunze upya. Wewe utaliona tetemeko limekwisha, na utamlipa.

Ugunduzi huo ndio mlango wa tiba kuu: pandisha sailensa. Injini ikizunguka 1,000 badala ya 700 haitetemeki, petroli inakwisha haraka zaidi, gari linajivuta lenyewe kwenye foleni, na kila mtu anaridhika. Silinda inayokosa moto itaendelea kutupa petroli mbichi kwenye ekzosi, ambako itaungulia ndani ya masega ya kusafishia moshi mpaka yayeyuke na kuziba. Taa ya injini ikianza kumwekamweka badala ya kuwaka tu, ndiyo inakuonya juu ya masega hayo. Ibandike kipande cha plasta. Chagua rangi inayofanana na dashibodi.

Ikifika hapo, gari linauzwa. Mnunuzi mwite saa kumi na mbili asubuhi, liwashwe mbele yake likiwa limelala usiku kucha, asikie lilivyotulia. Akija na fundi mzee asiyeongea sana, anayesema tulizungushe kwanza mpaka mshale upande, mwambie samahani, kuna mtu ameshatanguliza hela.