Mnahimizwa Kuomba

Tangazo la kazi likitoka Wote au Kitui mjini, mstari wa mwisho mara nyingi ni ule ule: watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Upole ulioje! Kisha tangazo hupigwa picha na kurushwa WhatsApp, ambako programu ya simu inayomsomea asiyeona hulifikia na kukwama. Aliyehimizwa hana habari kwamba amehimizwa.

Sheria si haba. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziwafikie wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Wakubwa wamelishika hilo la mwisho. Kwa muda waliotumia, mwenye fimbo nyeupe angeshatembea kutoka Mwingi hadi Mombasa na kurudi.

Mafunzo yapo, japo kwa jirani: chuo cha ufundi cha wasioona kiko Machakos. Mhitimu hurudi Makindu na cheti chake, akutane na karani anayemuuliza, kwa huruma tele, amekuja na nani wa kumjazia fomu. Fomu ya nukta nundu? Bajeti, ndugu yangu.

Tamu zaidi ni kodi. Mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Ukarimu huo unasubiri mshahara tu.

Basi waheshimiwa wa ajira, tangazo lijalo liandikeni kwa maandishi, si picha. Simu italisoma yenyewe, bure.