Breki Ilishika, Pilau Ikaendelea

Mume wangu ana miaka 22 katika kazi ya breki, na ndoa yetu ina miaka 19. Naanza na hesabu hiyo ili ijulikane mapema kwamba breki zilinitangulia humu ndani, kama mke mkubwa.

Alianzia gereji ya malori Tanga. Mengi aliyoletewa yalikuwa yametoka kushuka Lushoto kwenda Mombo, ile barabara inayojinyonganyonga ubavuni mwa Usambara, na yalifika yakinuka breki zilizoungua kabla dereva hajafungua mlango. Huko ndiko alikoipata itikadi yake: breki ya kweli haimngoji dereva. Mgeni akinywa kwetu kikombe kimoja tu cha chai, ataondoka anamjua George Westinghouse, Mmarekani aliyepata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, na ambaye baada ya miaka michache aliupindua utaratibu wake mwenyewe, ikawa upepo ukipungua ndani ya bomba ndipo breki zinashika. Bomba likikatika, treni inasimama bila kuambiwa. Watoto wetu walizijua habari hizi kabla ya kujua Sungura na Fisi.

Siku hizi tunaishi Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani, katika nyumba ya kupanga iliyokaa juu ya kilima kama kofia. Chini ya kilima anaishi mwenye nyumba, mkulima mzee mjane, na farasi jike wa aina ya Morgan, farasi ambao jimbo hili limewafanya mnyama wake rasmi. Binti yetu alimwita Bi Harusi, kwa jinsi anavyotembea kana kwamba watu wote wametoka kumtazama yeye.

Baridi ya mwaka wetu wa tatu, mume wangu alitengeneza trekta la mzee. Mzee hakuwa na fedha za kulipa, au labda alikuwa nazo akazionea huruma. Alitupa sleji iliyokuwa bandani chini ya vumbi la miaka: gari la watu wawili lisilo na gurudumu hata moja, lililokalia mbao mbili ndefu zilizopindwa mbele na kuvishwa ukanda wa chuma kwa chini. Sisi tuliziita nyayo. Mbele kulikuwa na mikono miwili ya mbao, farasi anaingia katikati yake kama punda wa mkokoteni.

Mzee alifurahi kuiona sleji imetoka. Alitusimulia jinsi miji ya Vermont zamani ilivyokuwa haiondoi theluji barabarani, bali ikiishindilia kwa rola kubwa za mbao zilizokokotwa na farasi, ili sleji zipite. Yale madaraja yao ya mbao yenye paa yalikuwa na tabu, maana paa linazuia theluji isianguke ndani na sleji haiendi kwenye mbao kavu. Basi walilipwa watu wa kubeba theluji kwa koleo na kuimwaga darajani. Sisi siku hizi tunalipa watu wa kuiondoa! Tena sleji haina kishindo, inakujia mgongoni kama paka, ndiyo maana farasi walifungwa kengele, na miji mingine iliweka sheria juu ya jambo hilo.

Mume wangu aliyasikiliza yote kwa adabu. Kisha akainama, akachungulia chini ya sleji, akainuka na magoti yenye vumbi.

“Breki iko wapi?”

Mzee akanyoosha kidole kwenye makalio ya Bi Harusi.

Hakuwa anatania. Mnyama huvishwa mkanda mpana wa ngozi unaozunguka nyuma, chini kidogo ya mkia, na mkanda huo umefungwa kwenye mikono ya sleji. Mkishuka mlima, sleji inataka kumkimbilia miguuni. Yeye anaukalia mkanda, anajizuia, na mzigo wote unazuilika pamoja naye. Ili asiteleze, fundi wa kwato humpigilia viatu vya chuma vyenye meno. Kwa lugha ya mpira, Bi Harusi huvaa njumu kuanzia Desemba.

“Na farasi mwenyewe akiteleza?” mume wangu aliuliza. Mzee alikuna kidevu. Akasema wakata magogo wa zamani, waliokuwa na sleji zenye uzito wa malori, walifunga mnyororo kuzunguka nyayo ili usuguane na barafu, au wakamweka mtu maalumu wa kutandaza nyasi kavu kwenye mteremko. Sleji ndogo kama hii, alisema, haikuhitaji hayo yote.

Usiku ule nilijua kwa kumwangalia tu kwamba jikoni kwangu kumepata mpangaji.

Alikesha na simu akichambua michoro ya hataza za Marekani za karne ya 19, na kumbe watu walikuwa wamehangaika na jambo hili kabla yake. Asubuhi nilimkuta amesukuma donge zima la unga wangu wa chapati likawa bapa mezani. Mkononi alikuwa na kiberiti na uma mbili.

“Mama Watoto, njoo uone. Hii ni theluji.”

“Hicho ni kifungua kinywa.”

“Sikiliza kwanza.” Kidroo cha kiberiti kilikuwa mikono ya sleji, na ganda lake likawa sleji. Farasi akivuta, kidroo kinatoka mbele, uma zinaning'inia juu. Farasi akijizuia, kidroo kinarudi ndani, kinasukuma leva, leva inashusha uma. Akazididimiza kwenye unga. “Farasi hafundishwi kitu. Dereva hagusi kitu. Anayejizuia ndiye anayefunga breki.”

Nakiri nilipendezwa, na mwenye haki apewe. Ni utaratibu uleule wa breki za baadhi ya tela: gari la mbele likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, na msukumo huohuo ndio unaofunga breki za tela. Ila sikumwambia. Nilimwambia arudishe uma.

Kazi ilichukua wiki mbili. Mikono ya sleji ilikatwa kwenye maungio ikawekwa iteleze inchi nne mbele na nyuma. Springi zilitoka kwenye mlango wa banda, ambao tangu hapo haujifungi. Kucha mbili za kung'ata barafu zilitokana na meno ya haro kuukuu. Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye mteremko mfupi nyuma ya nyumba, mimi na mzee tukiwa watazamaji. Bi Harusi alishuka kwa madaha, akaukalia mkanda, na tukasikia kucha zikikwaruza barafu: krrr. Sleji ikapungua mwendo kama iliyoshikwa bega na mtu mzima. Mzee alivua kofia. Mume wangu hakucheka wala hakusema kitu, na kwa watu wa Tanga hiyo ni dalili ya furaha kubwa mno.

Furaha ilidumu hadi bandani. Sleji ililala ndani usiku, na asubuhi ilibidi itoke kinyumenyume. Farasi, ili arudi rivasi, anafanya kitu kilekile anachofanya mteremkoni: anaukalia mkanda na kusukuma nyuma. Breki haikuona tofauti. Kadiri Bi Harusi alivyosukuma ndivyo kucha zilivyozama kwenye mbao za sakafu ya banda, na kadiri zilivyozama ndivyo alivyosukuma, mpaka ubao mmoja ukang'oka ukasimama wima. Mume wangu alilijua tatizo hili kuliko mtu yeyote katika jimbo lile, kwa kuwa tela hizo zina ugonjwa huohuo na huwekewa kizuizi cha kurudia rivasi. Alikuwa amesahau. Jioni ile alihitaji chuma chembamba, kigumu, chenye pete kichwani, cha kupitisha kwenye tundu ili mikono isiteleze wakati wa kurudi nyuma. Nilikuwa na mishikaki sita. Nikabaki na mitano.

Mwezi wa Februari mama mkwe akaja kutoka Tanga. Aliikagua theluji siku ya kwanza, akauliza inaondoka lini, akajibiwa Aprili, akarudi kitandani. Kengele za farasi tu ndizo zilizompendeza. “Huyu kavaa njuga,” alisema, “mnampeleka ngoma gani?”

Basi ikapangwa Jumapili ya wageni. Wangekuja rafiki zetu wa Burlington na Winooski, watu wa Goma, Bujumbura na kwetu, na mzee alitupa ukumbi wake wa chini kwa sababu nyumba yetu haikai zaidi ya watu wanane. Nilipika pilau ya kilo tano. Gari lilikuwepo, lina mafuta, tena lina breki kutoka kiwandani. Lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa amengoja hadhira tangu Januari.

“Pilau inateremka na sleji,” alisema.

“Na mimi nateremka na pilau,” mama yake akasema. Nilishangaa. Kumbe hakuwa anamwamini mwanawe na sufuria.

Alikaa kulia amejifunga khanga juu ya koti, juu ya koti lingine. Mume wangu kushoto na hatamu. Sufuria niliiweka mbele ya miguu yao, na mama mkwe akaisogeza hadi ukingoni ili apate pa kunyoosha goti lake bovu. Mume wangu aliuchomoa mshikaki, akautundika kifuani kama nishani, wakaondoka. Mimi na watoto tulifuata kwa miguu. Chini, wageni walikuwa wamejipanga barazani na simu juu.

Sehemu ya mwinuko mkali walishuka vizuri ajabu. Krrr, krrr, breki inashika na kuachia yenyewe, njuga zinalia, mama mkwe amenyooka kama anapelekwa kusimikwa. Walipomaliza mkali ukabaki mteremko mpole wa mwisho. Mume wangu akamwachia Bi Harusi akaanza kutroti, na mkono wake mmoja ukainuka kuwapungia watu.

Pembeni mwa mteremko ule mpole lipo sanduku la barua la mzee. Kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, mzee alikuwa akipita na farasi huyu akasimama pale kuchukua barua zake. Bi Harusi alifika kwenye sanduku la barua. Bi Harusi akasimama.

Breki ilifanya kila kitu ilichofundishwa. Farasi kaukalia mkanda, mikono imerudi inchi nne, leva imesukuma, kucha zimeingia kwenye barafu mpaka shinani. Sleji ilisimama kama imegonga mbuyu. Mama mkwe alishika ubavu wa sleji akabaki alipo. Mume wangu alipiga magoti kwenye ubao wa mbele. Sufuria haikuwa na mkanda, wala kucha, wala sababu ya kusimama. Iliruka juu ya ukingo, ikampita Bi Harusi ubavuni, ikatua kwa kitako, ikateleza mbele kwa utulivu huku mfuniko ukizunguka peke yake nyuma yake, kisha ikagonga kigingi cha sanduku la barua ikapinduka. Mvuke ulipanda. Kilima kizima kikanukia bizari nyembamba.

Hakuna aliyesema neno. Kisha mama mkwe, bila kugeuka, akamuuliza mwanawe: “Ndiyo inavyokuwa, au leo imezidi?”

Tulipomaliza kumfukuza mbwa wa mzee na kuokoa robo ya pilau iliyobaki sufuriani, ikaonekana sleji haiondoki. Kucha zilikuwa zimekwama, na mteremko ulizidi kuzishindilia. Na wakati sisi tunalumbana, nyayo nazo ziligandana na theluji. Chuma kikipata joto kidogo la msuguano kisha kikasimama, barafu inakishika kama gundi. Mzee alikuja na nyundo ya mbao, akazigonga kucha, halafu akamshika Bi Harusi lijamu, akamsogeza hatua moja kushoto, moja kulia, kushoto, kulia, mpaka nyayo zikalia ‘ka’ zikaachia. Kisha alimwaga gunia la nyasi kavu mbele yao na kuwashusha hivyo, polepole, kama wakata magogo wake.

Dada mmoja wa Goma alikuwa amesimama kando yangu muda wote huo, mikono kiunoni. “Dada,” alinong'ona, “kwetu chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inateremuka mulima na magunia ya makala. Breki yake ni kipande ya mupira na muguu ya mutu. Basi.”

Tulikula kachumbari, ndizi na mkate wa mzee. Nyimbo ziliimbwa. Mume wangu alikaa pembeni na kalamu, akichora kwenye leso ya karatasi ile mashine ya wakata magogo ambayo kamba ya chuma ilizungushwa kwenye magurudumu kadhaa, nayo imefungwa kwenye kisiki juu ya mlima, ili sleji ishushwe kama ndoo kisimani. Niliichukua leso ile nikampangusia mtoto mdomo.

Mama mkwe alirudi Tanga mwezi wa Machi na mshikaki wangu mkobani. Anasema kwake utakuwa salama zaidi. Theluji iliyeyuka Aprili, kama alivyoahidiwa. Tuliposhuka kuchukua barua, tulikuta ardhini mikwaruzo miwili iliyonyooka, mifupi, sambamba. Mume wangu alitoa futi mfukoni, akachuchumaa, akapima kuanzia kucha zilipoanza kung'ata hadi ziliposimama.

“Sentimita 90,” alisema, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeachiwa huru mahakamani.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele zaidi, penye kigingi, nimeshika kijiti cha mdalasini na iliki tatu nilizookota kwenye matope. “Na hii je?”

Akaja na futi yake. Mita nne na nusu. Akaiandika nayo.