Ninja wa Manzese

Kwa mujibu wa kasha, American Ninja ilirekodiwa Ufilipino, ikatoka mwaka 1985, mwongozaji ni Sam Firstenberg na staringi ni Michael Dudikoff. Sina ugomvi na kasha. Ila filamu ninayoijua mimi ilitengenezewa Manzese, ndani ya banda la mabati lenye mabenchi ya mbao na joto la kuivishia ndizi, na aliyeitengeneza hakuwahi kupanda ndege.

Alikuwa mtafsiri. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti kilichozungushiwa plasta, na kila mtu akifungua mdomo kwenye kioo, yeye alimsemea. Mzungu akitamka neno moja, sisi tulipewa aya nzima pamoja na ukoo wake. Kazi hiyo baadaye ilikuja kuwapa watu majina makubwa, Lufufu kwetu na DJ Afro kwa majirani zetu wa Kenya, lakini huyu wetu alibaki kuwa wetu tu, na malipo yake nadhani yalikuwa soda na kupunguziwa kodi ya chumba.

Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini na hawakuacha kutukumbusha. Kwa hiyo dunia yetu ilikuwa deki, kanda, na ubao wa nje ulioandikwa kwa chaki: MAPIGANO MWANZO MWISHO. Kanda yenyewe ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Usiku ukiingia kwenye filamu, kioo kinabaki giza tupu na mlio wa mapanga. Ninja, ambao kazi yao ni kuvaa nyeusi wasionekane, kwetu walifaulu kupita walivyotarajia.

Kisa nilichokibeba kutoka pale ni hiki. Joe Armstrong ni mwanajeshi wa Kimarekani aliyedhulumiwa urithi na baba yake mdogo, ambaye ndiye Ortega, muuza silaha. Rafiki yake Jackson ni binamu yake wa upande wa mama, kaacha mchumba Tanga. Yule ninja mbaya mwenye nyota anamdai Joe fedha za siku nyingi. Na kabla ya kila pigano Joe husema: deni la damu halilipwi kwa awamu. Maneno hayo nimeyatumia maishani. Nimeyatumia kwenye kikao cha harusi, nikimshinikiza mjumbe aliyekuwa anachelewesha mchango, na alilipa palepale.

Shemeji yangu anayeishi Leicester alipokuja likizo, aliniletea filamu hiyo kwenye DVD, picha imesafishwa. Nikatangaza nyumbani kwamba Jumamosi hakuna tamthilia. Mke wangu alikubali kwa masharti kwamba achambue mchele wake huku anaangalia. Binti yangu wa kidato cha pili na kaka yake walikubali kwa sababu bando lilikuwa limekwisha.

Deki ikaikataa diski. Kumbe waliotengeneza DVD waliigawa dunia kwa namba: Ulaya ni eneo la 2, sisi tuko eneo la 5 pamoja na India na Urusi, na ya eneo moja haisomwi na mashine ya eneo jingine. Lesotho, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wamewekwa pamoja na Ulaya. Ikabidi aitwe fundi redio wa pale kituoni. Aliomba rimoti, akanipa mgongo ili nisiibe ujuzi, akabonyeza tarakimu zake, akachukua chake na kuondoka. Deki ikakubali diski za dunia nzima tangu saa hiyo, isipokuwa maelekezo yake yote yaligeuka Kirusi. Filamu tuliifikia kwa kubahatisha, baada ya kupunguza sauti, kuongeza mwanga, na kufungua droo ya diski kila tulipotaka kuendelea.

Ikaanza. Msafara wa kijeshi unavamiwa, na Joe anawashughulikia majambazi kwa spana ya matairi na bisibisi ya kurusha. Hapo nilijiegemeza vizuri kwenye kochi. "Subirini," nikawaambia watoto, "sasa hivi atawaambia habari ya deni."

Joe hakusema kitu. Alikaza macho.

"Mbona haongei?" akauliza kijana.

Kweli, haongei. Dakika zilipita, ninja wakatoka vichakani, Joe akamwokoa Patricia, binti wa kanali, akakimbia naye porini, na maneno yao yote yangetosha kwenye meseji moja. Mtu niliyemjua kama msemaji mkubwa, mwenye methali kwa kila ngumi, alikuwa bubu wa kujitakia. Nikaanza kuona haya kwa niaba yake.

Usafi wa picha nao haukusaidia. Kwenye uwanja wa mazoezi wa Ortega, ninja walikuwa wamevaa rangi: wekundu, manjano, buluu. Manzese wote walikuwa kijivu. Mke wangu aliacha mchele, akauliza kama ni timu za mchujo. Na jambo moja nililolisoma baadaye lilinieleza mengi: Dudikoff alikuwa mwanamitindo, hakuwa na historia ya karate alipopewa nafasi hiyo, mapigano yalipangwa na Mike Stone, ambaye karate aliijua hasa. Ukishamfunga mtu kitambaa cheusi usoni, anayeruka hapo anaweza kuwa yeyote, hata mjumbe wa nyumba kumi.

Kuna pigano la kambini ambalo Joe anajivika ndoo kichwani na bado anamshinda Jackson. Sisi tulipoliona mara ya kwanza, mtaa mzima ulibaki na ndoo zilizopinda, na mimi nina kovu juu ya nyusi kama ushahidi. Watoto wangu waliliangalia bila kupepesa, kisha binti akasema, kwa upole ambao ulinikera, "Baba, huyo mwenzake si angengoja tu aivue?"

Lakini mwisho wangu ulikuwa leza. Yule ninja wa nyota, anayechezwa na Tadashi Yamashita, amebeba kila silaha ya Kijapani iliyowahi kufuliwa, halafu kwenye pambano la mwisho anafyatua leza kutoka mkononi. Mimi hilo nilikuwa nimelisahau, au giza la kanda yetu lililifunika.

"Kama ana leza," akasema binti, "upanga wa nini?"

Sikuwa na jibu, nikamweleza habari za wenye kampuni. Filamu ni ya Cannon, iliyonunuliwa mwaka 1979 na mabinamu wawili wa Kiisraeli, Menahem Golan na Yoram Globus. Walitoa filamu nyingi kwa fedha kidogo, na mara nyingine walikwenda Cannes kuuza filamu ambayo bado ilikuwa bango tu, bila kipande hata kimoja kilichorekodiwa. Ukiwa umeshamuuzia mtu ninja, unatafuta ninja. Ya pili na ya tatu zilirekodiwa Afrika Kusini, ya nne, ya mwaka 1990, Lesotho. Ninakiri hapa kwamba nawapenda watu hao. Mtu anayeuza bango na mtu anayeandika MAPIGANO MWANZO MWISHO kwenye ubao wangeelewana bila mtafsiri.

Binti alisikiliza yote, akasema bado hayajajibu habari ya upanga.

Ortega akajaribu kutoroka kwa helikopta na Patricia ndani, Joe akadandia, wakaruka, Jackson akaiangusha helikopta. Mwisho. Nikabaki nimekaa. Jackson alikuwa hai, tena mwenye afya njema! Nilimpigia kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia kiingilio.

"Jackson hafi," nikamwambia.

"Nani?"

"Jackson wa American Ninja. Steve James. Hafi."

"Acha utani. Mimi nilimlilia."

Tulibishana mpaka salio likakata, akanipigia yeye. Tukaanza kukumbushana, na taratibu ikatoka: siku ile jenereta lilizimika kabla ya pambano la mwisho. Petroli imekwisha, banda limejaa, watu wameanza kudai hela zao kwa sauti. Mtafsiri hakushusha kipaza sauti, ingawa kilikuwa kimekufa pia. Alimalizia filamu gizani kwa mdomo. Akamfanya Jackson ajitupe mbele ya panga lililomlenga Joe, akamtolea wasia mrefu, akamtaja mama yake, akamtaja mchumba wa Tanga, akamkatisha roho taratibu. Tulitoka tumeinamisha vichwa. Hakuna aliyedai hela yake. Unadaije hela msibani?

"Kwa hiyo alituua Jackson kwa sababu ya petroli," nikasema.

Kaka alinyamaza kidogo.

"Hiyo ya kwako," akauliza, "maneno ya deni la damu yamo?"

"Hayamo. Joe hasemi kitu."

"Baba mdogo je?"

"Ortega si ndugu yake. Mzee anayemlea ni Mjapani, mtunza bustani."

"Na mchumba wa Tanga?"

"Hayumo kabisa."

"Mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "umeletewa feki. Mrudishie shemeji yako."