Programu Imekufa, Kadi Bado Inapika

Mimi nikifunga kitu nataka kifungike. Mlango, duka, maneno na mashemeji, na hasa kompyuta. Sasa hii mashine ninayohariria video hapa Ayivu, Arua, nchini Uganda, ina tabia yake: nafunga programu, dirisha linatoweka, jina linafutika, halafu feni ya kadi ya picha ndiyo kwanza inapandisha sauti. Kioo kimeganda. Kipanya hakisogei. Marehemu ameshazikwa, kazi zake zinaendelea.

Mama mmoja wa Koboko alinikuta katika hali hiyo. Amefuata video ya harusi ya bintiye, teksi ya kurudi inampigia honi barabarani.

“Mwanangu, si umesema umefunga? Mbona inalia?”

“Mama, programu imefungwa. Kadi ndiyo haijamaliza.”

“Kadi? Kadi tuligawa kabla ya harusi!”

Nikanyamaza. Zamani ningesingizia umeme, na hakuna ambaye angebisha. Miaka ile sisi wa eneo hili la West Nile tulikuwa peke yetu na jenereta, kisha tangu 2012 tukapata bwawa la Nyagak la megawati 3.5, giza likiingia hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 2024 tukaunganishwa na gridi ya taifa, na hapo ndipo kisingizio changu kizuri kilipoharibika. Siku hizi kompyuta ikiganda mteja ananitazama mimi.

Basi niwaeleze huyu anayenitia aibu ni nani. Chukua hoteli yoyote ya mjini Arua. Mteja anaingia, anaagiza ugali wa enyasa na samaki wa angara, anaongeza chai, anaongeza mayai, kisha simu inalia, anadandia boda na kupotea. Mhudumu bado ameshika vikaratasi vya oda. Jikoni chungu kiko motoni. Ufanyeje? Programu ndiyo huyo mteja, kadi ya picha ndiye mpishi, na draiva, ile programu inayoiendesha kadi, ndiye mhudumu aliyeachwa na matatizo ya watu.

Vikaratasi ambavyo havijafika jikoni si tatizo. Kwenye Linux, programu ikijifunga kwa hiari yake, draiva nyingi husubiri kidogo ili kazi zilizo kwenye foleni zifike kwenye kadi. Ikiuawa kwa nguvu, kwa ile amri ya kuua namba 9 ambayo vijana wanaipenda mno, zilizobaki kwenye foleni hutupwa. Haki kabisa. Aliyeuawa hahitaji mayai.

Kasheshe iko kwenye chungu. Kadi haiachi kazi katikati kirahisi, na kazi zangu si za kitoto: kusafisha video ya harusi ya usiku iliyopigwa chini ya balbu moja kunaipa kadi mahesabu marefu. Wala draiva haiwezi kuchukua kumbukumbu ya kompyuta aliyokuwa akiitumia marehemu ikaipa programu nyingine upesi upesi, kwa sababu kadi bado inaandika humo. Ukiigawa mapema, enyasa ya mtu aliyeondoka inamwagwa kwenye sahani ya mgeni mpya: picha ya bibi harusi inachafuka, au programu isiyo na kosa lolote inaanguka. Kwa hiyo draiva hushikilia kumbukumbu mpaka kadi ipeleke ishara kwamba imemaliza. Ndiyo maana programu imekufa na kumbukumbu haijarudi.

Kuna waliokwenda mbali zaidi katika ustaarabu huu. Draiva ya Intel ya Linux, ile iitwayo i915, kwa kawaida iliacha kazi za programu iliyoondoka ziendelee mpaka ziishe, ili programu iweze kukabidhi picha yake kwa programu inayosimamia kioo na kwenda zake. Mwaka 2019 wahandisi wake wakaweka mlango mwingine: programu inaweza kusema mapema kwamba ikifa, kazi zake zife nayo. Wosia huo naupenda. Laiti programu zangu zingeuandika.

Windows haina subira hiyo. Tangu enzi za toleo lake la Vista, kadi ikikaa kwenye kazi moja kwa sekunde 2 bila kuiachia, mfumo unaamua imeganda na unaiwasha upya. Kioo kinakuwa cheusi, kinarudi, unaambiwa draiva ilikwama lakini sasa ni nzima. Ikirudia mara nyingi mno ndani ya dakika moja, unapata kioo cha bluu na safari yako inaishia hapo. Sekunde 2! Hapa Arua salamu peke yake inazidi hizo, hujafika kwenye habari za watoto.

Fundi wangu, ambaye jina simtaji maana naye ana familia, ana dawa moja kwa magonjwa yote: “Chomoa waya, Mzee.” Nimemweleza habari za foleni, za chungu, za kumbukumbu. Akanisikiliza kwa heshima yote, akachomoa waya. Faili la harusi lililokuwa likiandikwa kwenye diski likabaki nusu, bwana harusi akiwa ameinua keki na haijamfikia mkewe.

Mimi kusubiri sikukatai. Draiva inayongoja chungu kiive ina akili kuliko ile inayozima jiko la hoteli nzima kwa sababu ya mteja mmoja, mradi kuwe na mwisho: ikizidi muda, ua kazi hiyo moja, wengine waendelee kula. Ninachokataa ni kimya. Enyi mnaoandika programu hizi, kabla ya kulificha dirisha andikeni maneno mawili tu pale chini: “Bado namalizia.” Na ninyi wateja wangu wa Koboko, njooni asubuhi.