Risala ya Kumsifu Popo wa Darini

Miongoni mwa viumbe wote wanaoingia katika nyumba za Bunju, Mabwepande, Mbagala na Chamazi bila kupiga hodi, hakuna aliyetukanwa sana na kushukuriwa kidogo kama popo. Hata panya hupewa heshima ya kutegewa mtego wenye dagaa, ilhali popo hukabiliwa kwa fagio la chelewa na mayowe, na kwa sababu hiyo haki inadai kwamba naye asomewe risala yake.

Kwa upande wa nasaba, popo hana wa kumcheka. Wataalamu wa wanyama wamemweka katika oda ya Kiroptera, yaani kundi la mamalia ambao mikono yao imekuwa mabawa, nayo ina spishi zaidi ya 1,400, ambazo ni takriban moja kati ya kila spishi tano za mamalia duniani. Na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinaonyesha kwamba ukoo huu ulikuwa ukiruka zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga katika miaka ya 1860, haiwezi kushindana naye kwa ukongwe, sembuse kiwanja kilichopimwa juzi.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ukaguzi wa majengo. Wakazi wengi wa pembezoni mwa Kinondoni na Temeke hujenga kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana, na mara nyingi familia huhamia katika pagale, yaani nyumba isiyokamilika, ili kuikimbia kodi ya pango, huku dari likisubiri neema. Fundi akishaezeka huacha upenyo kati ya ukuta na bati, na mwenye nyumba akiuliza huambiwa kwamba ni wa kupitisha hewa. Popo wa jamii ya mkia huru, waitwao hivyo kwa sababu ncha ya mkia wao huchomoza nje ya utando wa ngozi, na ambao wadogo wao wana uzito wa kama gramu 10 tu, hupenya pale ambapo kidole gumba kingekwama, wakajipanga kwenye mbao za kenchi chini ya bati la moto. Na dari likishapatikana, siku mmoja wao anapotokea sebuleni kupitia tundu la taa ambalo halikuzibwa, huwa amewasilisha ripoti ambayo hakuna aliyemlipa kuiandika, na madoa ya mkojo kwenye jipsamu ni viambatisho vyake.

Ufundi wake nao umewatoa jasho wanazuoni. Katika miaka ya 1790 padri Mwitalia Lazzaro Spallanzani aligundua kwamba popo aliyepofushwa aliendelea kukwepa vizuizi, na ilipofika mwaka 1938 ndipo Donald Griffin wa Marekani alipothibitisha kwa chombo maalumu kwamba mnyama huyu hutoa sauti zisizosikika na binadamu. Hiyo ndiyo elimu ya mwangwi, yaani kutambua vitu kwa sauti inayorudi baada ya kuvigonga, na mwenye elimu hiyo humwona mwenye fagio kabla fagio halijainuka; ndiyo maana katika mapambano ya sebuleni hupigwa taa, kabati la vyombo na pengine shemeji, lakini popo hapigwi.

Msifiaji mwaminifu hatadai kwamba popo humaliza mbu wa Temeke, kwa kuwa chumvi hiyo ingekuwa nyingi mno. Inatosha kwamba kila usiku hula kumbikumbi, nondo na mbawakawa kwa wingi usiolingana na udogo wake, na kwamba kinyesi chake ni mbolea. Tena ana kipaji cha kukusanya watu. Uvumi wa popobawa, jini lililodaiwa kuvamia watu usiku, ulipozuka Pemba mwaka 1995 na kufika Unguja hadi Dar es Salaam, watu walitoka vyumbani wakakesha nje pamoja, mahudhurio ambayo mwenyekiti wa mtaa hayapati hata akitangaza kwa kipaza sauti.

Wapinzani watataja maradhi, na hapo hoja yao ni nzito. Mwaka 2007 daktari Mholanzi aliyekwaruzwa na popo nchini Kenya alifariki kwa virusi vya Duvenhage, ambavyo ni ndugu wa kichaa cha mbwa. Lakini hata hili linaonyesha hadhi yake, kwa maana mkubwa hashikwi kwa mkono mtupu: aliyeng'atwa au kukwaruzwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo, bila kungoja dalili.

Kumuaga mgeni huyu ni kazi nyepesi kuliko kumfukuza. Watu husimama kandokando ya ukuta, kwa kuwa popo akizunguka chumbani hushuka katikati na kupanda karibu na kuta. Milango ya ndani hufungwa, madirisha na mlango wa nje hufunguliwa, taa huzimwa, naye huondoka mwenyewe. Akianguka sakafuni hufunikwa kwa ndoo na mtu aliyevaa glavu nene, kipande cha boksi kikapitishwa chini yake, kisha huwekwa juu ya ukuta au mti, kwa sababu popo wa mkia huru huruka kwa shida kutoka chini.

Baada ya hapo hubaki kutekeleza ripoti, yaani kuziba upenyo usiku wakati popo wote wametoka kuwinda, na baada ya kuhakikisha kwamba hakuna watoto wasiojua kuruka walioachwa darini. Pagale hatimaye huwa nyumba kamili, na sifa ya mwisho ya popo ni hii: hakuna mkaguzi mwingine ambaye mapendekezo yake yakitekelezwa, yeye ndiye hukosa pa kulala.